Waya mnene hauongezi mbio za umeme: jibu kwa mwenye banda la kuku mita 80 kutoka nyumbani

*"Habari za kazi mtaalamu. Nina banda la kuku huku Mkuranga, mita 80 kutoka nyumbani. Umeme nimeuvuta kutoka meini swichi ya nyumba kwa waya wa 1.5, breka ya C20. Bandani nina taa mbili za kulelea vifaranga, wati 250 kila moja, na pampu ya maji ya hospawa moja. Pampu ikiwaka taa zinafifia, na siku nyingine pampu inavuma tu bila kuzunguka. Fundi anasema umeme unachoka njiani na kuchelewa kufika, kwa hiyo niweke waya mnene kwenye laini ya moto ili uende haraka. Mwanangu wa kidato cha nne anasema elektroni zinatembea polepole kuliko konokono. Nani mkweli? Kama ziko polepole hivyo, mbona taa inawaka papo hapo? Nikizima meini swichi, zile zilizo njiani si zitaendelea kuja na kunipiga shoti? Na taa ya LED ya barazani huchukua kama sekunde nzima kuwaka, hiyo nayo ni umbali?"*

Mwanao amesema kweli. Fundi wako amekaribia dawa lakini amekosea ugonjwa, na kosa hilo lina gharama: ukifuata ushauri wa kubadilisha laini ya moto peke yake, utatoa pesa na pampu itaendelea kukusumbua. Nianze na mwendo wenyewe, maana ndiko mkanganyiko ulikotokea, kisha tuingie bandani na maltimita.

Ndani ya waya mmoja kuna mwendo wa aina tatu, na watu huuzungumzia kana kwamba ni mmoja.

Wa kwanza ni mzururo wa elektroni. Katika shaba, kila atomu huachia elektroni moja hivi ambayo haina mwenyewe. Inazunguka ndani ya metali yote. Elektroni hizi zina kasi ya kutisha, zaidi ya kilomita 1,500 kwa sekunde, hata waya ukiwa bado dukani haujaunganishwa na kitu. Ila hakuna inayofika mbali kwa mstari ulionyooka. Ikienda kama milimita 0.00004 tu, mtikisiko wa atomu huigeuza upande mwingine. Zinazokwenda kulia ni nyingi sawa na zinazokwenda kushoto, kwa hiyo jumla yake ni sufuri na hakuna mkondo.

Wa pili ni msogeo wa kundi. Ukiunganisha waya na betri, uga wa umeme (nguvu inayosukuma chaji) unaingia ndani ya metali na kulisukuma kundi lote la elektroni kuelekea upande mmoja, huku kila moja ikiendelea na mzururo wake. Msogeo huo ndio mkondo tunaoupima kwa ampea, na ndio mwanao alioufananisha na konokono. Ni mdogo kwa sababu elektroni ni nyingi kupita kiasi: kipande cha shaba cha milimita moja kila upande kina elektroni huru zipatazo 85 ikifuatiwa na sufuri 18. Chaji yao yote ni kama kulombi 13.6 (kulombi moja ikipita kila sekunde, hiyo ni ampea moja). Zikiwa nyingi hivyo, hazihitaji kwenda mbio ili kutoa ampea kadhaa.

Unaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe. Chukua ampea, gawanya kwa 13.6, kisha gawanya tena kwa ukubwa wa waya katika milimita za mraba. Jibu ni milimita kwa sekunde. Taa zako mbili zinavuta ampea 2.2. Pampu ya hospawa moja ikishachanganya huvuta kama ampea 5.5. Jumla ni 7.7. Katika waya wa 1.5, msogeo ni milimita 0.38 kwa sekunde. Konokono wa bustanini hutambaa kama milimita moja kwa sekunde, kwa hiyo anawashinda.

Sasa weka waya wa 4 mahali pa ule wa 1.5, mkondo ukiwa uleule. Jibu linashuka hadi milimita 0.14 kwa sekunde. Waya mnene unapunguza mwendo wa elektroni! Zimekuwa nyingi za kuubeba mkondo uleule, kwa hiyo kila moja inatakiwa kusogea kidogo zaidi. Hapo maelezo ya fundi yamevunjika kabisa, ingawa waya mnene utakusaidia, kwa sababu nyingine nitakayoieleza.

Gari linaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu betri yake inasukuma upande mmoja tu. Stata inayovuta ampea 150 kupitia kebo ya milimita 25 za mraba husogeza kundi la elektroni milimita 0.44 kwa sekunde. Kama kebo ina urefu wa mita moja na nusu, kundi litachukua karibu saa nzima kuimaliza, na injini imeshawaka zamani. Tena elektroni zenyewe zinatoka upande hasi wa betri, zinapita kwenye bodi ya gari hadi kwenye stata, ndipo zinarudi betrini kwa ile kebo nyekundu. Mwelekeo wa mkondo tunaouchora vitabuni ni kinyume chake, desturi iliyowekwa kabla elektroni haijajulikana. Na usiichukue hesabu hii kama ratiba ya elektroni moja. Ni wastani wa kundi. Moja moja zinazurura mbele na nyuma ya wastani huo bila mpangilio.

Umeme wa TANESCO una kichekesho zaidi. Unabadili mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kundi halisafiri kwenda popote. Katika waya wako, kwa ampea zile 7.7, linayumba kama milimita 0.0017 upande huu na kiasi hichohicho upande ule. Hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele halifiki. Hakuna kundi la elektroni linalotoka bwawa la Kidatu likaja kuwaka bandani kwako. TANESCO haikuuzii elektroni. Yuniti za LUKU ni kipimo cha nishati, na kila yuniti moja ni jouli milioni 3.6.

Hapo ndipo swali lako la msingi linapoingia: kama kundi linayumba tu, taa inawakaje papo hapo?

Jibu liko kwenye mwendo wa tatu, mwendo wa taarifa ya umeme. Fikiria mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma linaanza kuzunguka wakati uleule, ingawa pingili iliyo mbele bado haijafika nyuma. Mnyororo ulikuwa umejaa tangu mwanzo. Waya nao umejaa elektroni kila mahali, ndani ya swichi, ndani ya nyaya na ndani ya taa yenyewe. Ukibonyeza swichi, huzitumi elektroni ziende kwenye taa. Unaziamsha zile ambazo tayari ziko pale. Na kama pingili zinavyorudi zilikotoka, elektroni haziliwi na taa. Idadi inayoingia kwa nyutro au kwa moto ndiyo inayotoka upande wa pili.

Mfano huo unaishia hapo, na inafaa ujue unapoishia. Pingili zinasukumana kwa kugusana. Katika waya, kinachosambaza taarifa ni uga wa umeme na sumaku unaokimbia katika nafasi inayozizunguka nyaya mbili, moto na nyutro. Uga huo unapopita, unapanga chaji kidogo juu ya uso wa shaba, na chaji hiyo ndiyo inayouongoza uga ndani ya waya ufuate kona zote. Mwingereza John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884 kwamba hata nishati inapita kwenye nafasi hiyo ya nje ya metali, ikizama ndani ya taa na, kwa bahati mbaya, kidogo ndani ya waya wenyewe kama joto. Shaba kazi yake ni kuelekeza.

Kwa sababu uga unapita nje ya shaba, kasi ya taarifa inaamuliwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kilicho kati ya nyaya. Unene wa shaba hauibadilishi. Nyaya za juu za nguzoni, zenye hewa tupu katikati, hukaribia kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kebo ya antena ya TV yenye plastiki ngumu ya polithini ndani hutoa kama asilimia 66 ya kasi hiyo. Waya wa nyumbani wenye ganda la PVC uko kati ya nusu na theluthi mbili. Kwa mita zako 80, taarifa inafika bandani ndani ya karibu nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Umeme wako hauchelewi. Ungevuta waya hata kilomita kumi, jicho lako lisingeona tofauti ya muda. Ungeona giza tu, kwa sababu ya ukinzani, yaani jinsi waya unavyoupinga mkondo.

Watu walihangaika sana kuipima kasi hiyo. Charles Wheatstone alijaribu mwaka 1834 kwa cheche na kioo kinachozunguka, akapata jibu kubwa kuliko kasi ya mwanga. Mwaka 1850 wanasayansi Fizeau na Gounelle, huko Ufaransa, walitumia nyaya za telegrafu wakapata takriban kilomita 100,000 kwa sekunde kwenye chuma na 180,000 kwenye shaba. Kebo za chini ya bahari zikaleta fumbo jingine: ishara ilikuwa inaingia upande mmoja ikiwa kali na kutokea upande wa pili imetandazika kama ukungu. Salamu za Malkia Victoria za mwaka 1858, maneno 98 tu, zilichukua karibu saa 16 kuvuka Atlantiki. Sababu ni kwamba kebo yenye kihami chembamba ndani ya maji ya chumvi ni kapasita (kihifadhi cha chaji) ndefu yenye ukinzani. Lazima ijae kwanza ndipo ngʼambo waone kitu. Kebo ya telegrafu iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 na kuendelea hadi Durban iliishi chini ya sheria hiyohiyo.

Kama unataka mfano wa sasa ambapo elektroni kweli zinasukumwa upande mmoja kwa umbali mkubwa, tazama njia ya kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya. Ina kilomita 1,045 na inabeba umeme mnyoofu wa kilovolti 500. Badiliko linalofanywa Sodo linahisiwa Suswa baada ya milisekunde tatu na nusu hivi. Kundi la elektroni, hata tukilikirimu milimita 0.1 kwa sekunde, lingehitaji zaidi ya miaka 300 kumaliza safari hiyo.

Mafundi wa kebo za ardhini ndio wanaoutumia mwendo huu wa tatu kazini. Kebo ikikatika chini, wanatuma mdundo mfupi wa umeme na kupima muda wa mwangwi wake. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 4, na kasi ya kebo hiyo ni mita 160 kwa mikrosekunde, tatizo liko mita 320 mbele. Wakiacha mashine kwenye 172 kwa uzembe, itawaambia mita 344, na watachimba shimo mita 24 kando ya ugonjwa.

Taa ya barazani haina uhusiano na umbali. Ndani ya taa ya LED kuna saketi ndogo inayobadilisha umeme wa volti 230 kuwa ule unaofaa vijitaa vyake. Saketi hiyo hujaza kapasita kwanza ndipo ianze kazi, na katika taa nyingi za bei rahisi hujaza taratibu, nusu sekunde hadi sekunde moja. Ihamishie taa hiyo kwenye holda iliyo jirani na meini swichi, itachelewa vilevile. Kama siku moja utaona LED inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, hilo ni jambo tofauti na la kuangaliwa: mara nyingi swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya moto, na holda inabaki na volti 230 wakati wewe unadhani umezima.

Sasa bandani. Kinachokula pampu yako ni ukinzani wa waya. Elektroni zinazosogea zinagongana na mitikisiko ya atomu, zinaacha joto, na kila omu moja inakata volti kulingana na ampea zinazopita. Waya wa shaba una ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ukiwa na milimita moja ya mraba. Mita 80 kwenda na 80 kurudi ni 160. Zidisha 0.0175 kwa 160, gawanya kwa 1.5, unapata omu 1.87.

Kwa ampea 7.7, volti 14 hivi zinabaki njiani, asilimia 6 ya 230. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 3 kwa taa na 5 kwa vifaa vingine. Taa za vifaranga zinapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya joto lake, kwa hiyo ukiona vifaranga wanabanana chini ya taa pampu ikiwa inafanya kazi, unajua kwa nini. Na wati kama 110 zinapasha waya moto chini ya miti yako, nawe umeshazilipia, kwa sababu LUKU iko nyuma yake.

Mbaya zaidi ni dakika ya kuanza. Mota iliyosimama huvuta mara 4 hadi 6 ya mkondo wake wa kawaida. Tuseme ampea 25, ongeza 2 za taa. Volti 50 zinapotea na pampu inabaki na 180. Nguvu ya mota kujinyanyua inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo inabaki kama asilimia 61. Ikiwa bomba limejaa maji au beringi zimekaza, mota inavuma na kukaa palepale. Ikivuma hivyo zaidi ya sekunde chache izime mara moja, maana inaendelea kuvuta mkondo wa kuanzia na koili zitaungua.

Ushauri wa laini ya moto peke yake tuupime kwa hesabu hiyohiyo. Moto wa 4 una omu 0.35, nyutro ya 1.5 iliyobaki ina omu 0.93. Jumla 1.28. Umelipia waya mnene na theluthi mbili ya ukinzani wote bado ipo. Umeme unapita kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile. Nyutro si bomba la kumwaga mabaki.

Nyaya zote zikiwa za 4, ukinzani ni omu 0.70. Volti 5.4 tu zinapotea vitu vyote vikiwa vinafanya kazi, na 19 pampu inapoanza. Kwa mahitaji yako ya sasa inatosha. Za 6 zinashusha hadi volti 3.6 na 13; nunua hizo tu kama una mpango wa kuongeza pampu ya pili au mashine ya kuangulia. Ya 2.5 nisingeinunua kwa umbali huo. Inapita kwenye asilimia 5 ya vifaa lakini inavuka ile 3 ya taa, na wakati wa kuanza bado inakata volti 30.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio moja la bure. Lete pampu nyumbani, iunganishe kwenye soketi iliyo karibu na meini swichi, iache ianze. Ikivuma huku pia, kosa ni kapasita yake iliyochoka au kitu kimekwama kwenye pangaboi, na waya mpya wa mita 80 usingekusaidia. Nimeona ni vizuri uanze hapo kwa sababu dalili ya pampu inayovuma ina wazazi wawili, na kapasita ndiye wa bei rahisi.

Jaribio la pili ni la mtu anayejua kutumia maltimita kwenye umeme ulio hai. Kama si wewe, mpe fundi. Pima volti kwenye meini swichi na kwenye ubao wa bandani, kwanza kila kitu kikiwa kimezimwa, kisha taa na pampu vikiwa vinafanya kazi. Vikizimwa, namba zitalingana. Vikiwaka, tofauti kati ya sehemu hizo mbili inapaswa kuwa volti 14 hivi. Ikiwa 25, waya peke yake hauwezi kuieleza: kuna kiungo kimelegea mahali, na kiungo kilicholegea ndicho kinachochoma nyumba. Na kama volti zinaanguka hata pale kwenye meini swichi, tuseme kutoka 228 hadi 205, shida iko kabla ya mita. Hilo ni la TANESCO, na hakuna waya wako utakaolirekebisha.

Kuhusu breka, hapa nakusisitizia. C20 kwenye waya wa 1.5 ni kubwa mno. Waya huo unalindwa na breka ya 10. Lakini kuna hatari nyingine inayotokana na urefu. Moto ukigusa bodi ya pampu, breka inahitaji mkondo mkubwa ili ikate papo hapo: aina ya C huhitaji hadi mara 10 ya namba yake, yaani ampea 200 kwa C20. Kwa waya wako, hata eathi ikiwa nzima na unene uleule, na tukikadiria omu 0.8 kwa njia iliyobaki hadi transfoma, mkondo wa hitilafu ni ampea 86. Breka itakaa sekunde kadhaa ikifikiria, na bodi ya pampu iliyolowa maji ina umeme muda wote huo. Kama eathi yako ni fimbo peke yake iliyopigwa ardhini, yenye omu 20, mkondo hautafika hata ampea 12 na breka haitakata kamwe. Kwa waya wa 4 weka B16 (inakata kwa ampea 80 na mota yako haitaisumbua inapoanza), pamoja na kifaa kilichoandikwa RCD cha miliampea 30, kinachokata umeme mara unapovuja. Kwa banda lenye maji na watu peku, RCD si anasa.

Swali lako la shoti baada ya kuzima. Elektroni hazikuwa zinasafiri kuja kwako kwa foleni, kwa hiyo hakuna mabaki ya kumalizikia mwilini mwako. Zipo ndani ya waya siku zote, hata ule wa dukani, na hazidhuru. Kinachodhuru ni volti, na uga ukiondoka, volti kwenye waya wa nyumbani inaondoka nao mara moja. Wa kuogopwa ni vitu vinavyohifadhi chaji au vinavyotengeneza umeme wao: kapasita ya pampu yako, microwave, inveta ya sola ambayo kibandiko chake hutaka usubiri dakika 5 hadi 10 kabla ya kufungua, na paneli za sola zenyewe, ambazo jua likiwepo hazijui kama umezima kitu. Swichi ya ukutani usiiamini kabisa. Zima meini, hakikisha kwa testa uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme, ndipo uguse.

Ukienda kununua, 4 ya kweli yenye nyuzi saba ina nyuzi za milimita 0.85 kila moja. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote nilizokupa hazihusu waya huo. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu. Kwa kupita ardhini chukua kebo yenye ngao ya chuma, ifukiwe kina cha sentimita 60 hivi, bila kiungo katikati. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), naye apime eathi na RCD mbele yako kabla ya kuondoka. Mwite haraka zaidi, bila kusubiri kebo, ukisikia harufu ya plastiki, ukiona soketi au kiungo kimebadilika rangi, ukihisi mtekenyo ukigusa pampu, au taa za nyumba zikianza kung'aa kupita kawaida wakati nyingine zinafifia. Hiyo ya mwisho ni nyutro iliyolegea; zima meini na upige simu TANESCO.

Kebo mpya ikishafungwa, rudia kipimo kilekile, taa mbili na pampu vikiwa vinafanya kazi. Tofauti ya meini swichi na banda iwe volti 5 hadi 6. Ikizidi 8, usimlipe fundi salio mpaka afungue viungo vyote viwili, cha nyumbani na cha bandani, na kuvikaza upya.